Lenzi ya Milimita Sabini

Jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja juu ya paa za maduka Mama Picha alipoinama kupita chini ya mlango wa bati wa fundi wa miwani. Mlango ulikuwa umeshateremshwa nusu. Ndani taa moja tu ilikuwa inawaka, na harufu ya gundi na mafuta ya mashine ndogondogo ilikuwa imetanda kama pumzi ya mtu aliyetoka punde.

"Mama, kama ni mkono wa miwani umevunjika, acha hapa uje kesho," fundi alisema bila kuinua uso. "Kama ni moyo, huo hatuungi."

"Nataka darubini."

Fundi akainua uso. "Ya kutazama nyota au ya kutazama jirani?"

Ulikuwa mzaha wa kila siku, wa kumlainisha mteja kabla ya kutaja bei. Mama Picha hakucheka.

"Nyota," alisema. "Ya kusafiri nayo. Nyepesi, na isiwe ya kuniuzisha kitanda."

Jina la Mama Picha hakulipata kwa mtoto, hakuwahi kuzaa. Alipewa na wagonjwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpiga picha za eksirei katika hospitali kubwa ya mji, na watu waliovunjika mbavu walimtania, "Mama Picha, nitoe vizuri basi, niwatumie wakwe," naye akawajibu yale yale, "Vuta pumzi. Ibane. Haya, pumua." Mtoto pekee aliyewahi kumlea alikuwa mdogo wake, kitinda mimba, ambaye mama yao alimwachia akiwa bado anakojoa kitandani. Kitinda mimba alikua, akawa wakala wa pampu za maji, leo analala huku kesho kule, mahali ambako umeme ni habari ya kusikia. Kila aliporudi alisimulia anga. "Dada, siku moja nitanunua ile ndogo ya lenzi, ya kuingia begi la mgongoni. Milimita sabini. Zaidi ya hapo ni kubeba mzigo, chini ya hapo ni kununua mwanasesere."

Hakuinunua. Miezi saba iliyopita alilazwa kwa sababu ya figo moja lililoharibika. Akapelekwa chumba cha upasuaji. Likaondolewa lile zima, likaachwa bovu.

Aliishi siku tisa.

Daktari mpasuaji hakufungwa wala hakufukuzwa. Alihamishiwa hospitali ndogo ya milimani, safari ya kutwa nzima kwa basi. Huko ndiko Mama Picha alikokuwa anakwenda, na hakuwa anakwenda kutazama nyota.

Alikuwa anakwenda kumwua.

Fundi alikuwa ameshapanga darubini tatu mezani. Kwenye kazi yake mzaha uliisha, akawa mtu mwingine.

"Hii boksi lake limeandikwa inakuza mara mia tano. Usidanganyike. Boksi ni la kuuzia, si la kuonea. Ukikuza hivyo utaona ukungu wa jicho lako mwenyewe. Hii nene, ndani ina vioo, haina lenzi mbele. Inaona mbali kweli, lakini ipitishe barabara ya mashimo, vioo vinahama. Ukifika unakesha unaviweka sawa mpaka nyota zinatua." Akaisukuma mbele ya tatu, nyeupe, nyembamba, urefu wake kiwiko mpaka ncha za vidole. "Hii ndiyo ya msafiri. Lenzi mbele, jicho nyuma, basi. Milimita sabini. Pete za sayari ya Zohali utaziona ndogo kama punje ya mchele, lakini utaziona. Kitu kinachong'aa sana kitavaa ukingo wa zambarau, hilo livumilie, ndiyo bei yake. Na hii miguu mitatu ni myepesi, inatetema. Ning'iniza chupa ya maji hapa katikati itulie."

Mama Picha akaweka jicho. Ng'ambo ya barabara muuza magazeti alikuwa anafunga virago. Ndani ya lenzi alikuwa ananing'inia kichwa chini, miguu imekanyaga mbingu.

"Inapindua," alinong'ona.

"Zote za aina hii zinapindua, mama. Nyota haina kichwa wala miguu, kwa hiyo haidhuru. Lakini kama utatazama na vitu vya duniani, nina kipande hapa, unachomeka nyuma, kila kitu kinarudi mahali pake. Kichukue bure. Maana hii haipindui juu na chini tu, hata..."

"Sikitaki."

"Nimesema bure, mama."

"Na mimi nimesema sikitaki. Iache ipindue."

Fundi akakirudisha kile kipande chini ya meza. Halafu akaanza kuifunga kwa karatasi, taratibu, kama mtu anayevisha mtoto.

"Haya," alisema. "Kila jicho na kiu yake."

*

Habari ya kupindua aliipata mochwari.

Mhudumu wa mochwari alikuwa mwanamke wa rika lake, mcheshi, mpenda pipi za mnanaa. Hospitali nzima walimwita Mama wa Baridi. Yeye na Mama Picha walikuwa wamekunywa chai pamoja miaka mingi, na yeye ndiye aliyemsitiri kitinda mimba kwa mikono yake. Mchana mmoja, Mama Picha alipokuwa amekaa kwenye benchi la nje akitazama ukuta, Mama wa Baridi alikuja akakaa kando yake.

"Shoga, macho yako siku hizi siyapendi. Unataka afe, au unataka aonje?"

Hakuuliza ni nani. Hakukuwa na haja.

"Aonje," Mama Picha alisema. "Kisha afe."

Mama wa Baridi akamwashiria waingie ndani. Mlango ukajifunga nyuma yao. Baridi ya mle ndani haikuwa ya upepo; ilikuwa ya kitu kinachosubiri.

"Sitarudia, na ukisema mimi ndiye niliyekwambia, nitakukana mchana kweupe. Mwone kichwa chini. Usiku tatu, mfululizo. Asijue. Usimkaribie, usimguse. Usiku wa tatu sema alichofanya, umwombee hicho hicho. Jina usitaje."

"Kwa nini nisitaje?"

"Majina yanafanana. Kitendo kinamjua mwenyewe."

"Na nani atakayesikia?"

Mama wa Baridi alitazama nyuma. Droo moja ya chuma ilikuwa imefunguka, upana wa kidole. Akaisukuma kwa nyonga, kama mtu anayefunga kabati la vyombo jikoni kwake.

"Wapo wanaosikia," alisema, akahamisha pipi shavu la pili.

Mtu asimhukumu upesi Mama Picha. Kisasi hakimwingii mtu kwa mlango wa mbele, na silaha mkononi. Humwingia kama unyevu ukutani. Unaamka siku moja unakuta rangi imebanduka, na huwezi kusema ilianza lini. Alikuwa amekwenda kazini kila siku, amewaambia watu wavute pumzi na kupumua. Jioni alirudi nyumba yenye viatu vya mwanamume ambavyo havivaliwi. Aliyemwonyesha njia ya kutua ule mzigo, angemfuata popote.

*

Mji wa milimani ulikuwa umegawanywa na bonde jembamba. Upande huu palikuwa na gesti yenye vyumba sita na baraza pana. Upande ule palikuwa na hospitali, na chini yake, peke yake kwenye mteremko, nyumba pacha ya wafanyakazi: paa moja, kibaraza kimoja, milango miwili.

Mwenye gesti alifurahi mno kumwona mgeni mwenye darubini.

"Umefika penyewe! Hapa nyota ziko karibu, ukirusha jiwe unaangusha mbili. Wewe ni mtu wa chuo?"

"Ni mapenzi tu."

"Aa, mapenzi! Mke wangu naye anapenda kutazama juu, hasa nikimwomba hela ya mafuta." Akacheka peke yake mpaka akakohoa. Mama Picha alipomwuliza ile nyumba ng'ambo ni ya nani, alijibu bila kufikiri. "Daktari. Mlango wa kulia, tukitazama kutoka hapa. Mtu mpole. Salamu anaitika, lakini zaidi ya salamu humtoi neno."

Usiku wa kwanza alisimamisha miguu mitatu barazani, akaning'iniza chupa ya maji. Mwenye gesti na mkewe walikuwa wamelala. Kwanza aliitafuta Zohali. Hakujua kwa nini. Labda ilikuwa deni la dada. Ikaja ikitetema ndani ya giza, ndogo, na pete yake kweli, punje ya mchele iliyotobolewa. Kwa dakika moja alikuwa dada mtu tu, anaona alichotamani mdogo wake kukiona.

Halafu akaishusha darubini, polepole, mpaka ng'ambo ya bonde.

Nyumba ilikuwa inaning'inia kama popo. Paa chini. Kibaraza juu. Upande mmoja kulikuwa na dirisha lenye taa. Huyo ni jirani, alijiambia, mimi namtaka wa kulia. Akasogeza upande wa kulia. Palikuwa giza. Alisubiri mpaka jicho likaanza kutoa machozi.

Kando ya mlango wa kulia kulikuwa na kitu.

Rundo. Mtu aliyejikunyata, kama aliyejifunika blanketi, haonekani kichwa wala miguu. Hakusogea. Hakuwasha sigara, hakupunga mbu. Alikaa tu.

"Hulali," Mama Picha alimnong'oneza kupitia bonde zima. "Vizuri. Nami silali."

Akaenda kitandani. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba, akalala fofofo.

Usiku wa pili lile rundo lilikuwa limesogea. Sasa lilikuwa ukingoni mwa kibaraza, upande unaoelekea bonde. Mbwa wa ng'ambo alikuwa analia, mlio mrefu wa kuvuta... halafu akakatika katikati, kama aliyezibwa mdomo. Na hapo, bila upepo wowote, harufu ikaja. Dawa ya kuoshea vidonda. Chini yake harufu nyingine, tamu, nzito, anayoijua kila mtu aliyewahi kufanya kazi wodini.

Mama Picha alijua hospitali haikuwa mbali. Alijiambia hivyo. Akajiambia tena.

Lakini hakuondoa jicho.

*

Usiku wa tatu hata majani hayakutikisika. Alichomoa kioo cha jicho nyuma ya darubini, akachomeka kile chenye nguvu zaidi. Nyumba ikamrukia, kubwa, imejaa duara lote. Mlango wa kulia ulikuwa wazi.

Alikuwa amesimama.

Safari hii wima, uso umeelekea ng'ambo, umeelekea kwake, mkono mmoja umeubana ubavu. Sura ilimezwa na giza. Mama Picha hakuhitaji sura. Alikuwa ameibeba ile chuki kama mimba, na sasa uchungu ulikuwa umefika.

"Aliyemgeuza mdogo wangu," alinong'ona, "kulia kukawa kushoto na kushoto kukawa kulia... na yeye ageuzwe. Ndani kwa ndani. Kama alivyomgeuza, ageuzwe."

Ng'ambo ya bonde, yule mtu akatikisa kichwa. Taratibu, mara mbili, kama anayesema hapana.

Ndipo alipoona. Paa lilikuwa chini. Nguzo za kibaraza zilikuwa zinaning'inia. Miti nyuma ya nyumba ilikuwa imeelekeza vilele ardhini, kama juzi, kama jana. Kila kilichokuwa ndani ya lenzi kilikuwa kichwa chini.

Isipokuwa yeye.

Yeye alikuwa kichwa juu, miguu chini, amesimama sawasawa kama watu wanavyosimama. Mama Picha alihesabu polepole, kama mtoto anayehesabu kwa vidole. Lenzi inapindua. Kinachosimama sawa ndani ya lenzi... kule nje, kwenye giza la kweli, hakijasimama.

Kinaning'inia.

Tik.

Chupa ya maji chini ya darubini ilikuwa imeanza kubembea, inagonga miguu ya chuma. Hakukuwa na upepo. Hakuna aliyeigusa.

Tik... tik.

Aliondoa jicho. Kwa macho matupu ng'ambo palikuwa giza tu, na lile dirisha moja lenye taa. Harufu ya wodi ilikuwa imejaa barazani, karibu, karibu kabisa, kama mtu aliyeinama begani pake kutazama anachokitazama.

"Dada," kitu kilisema. Au labda ulikuwa mlango wa gesti ukilia.

Hakugeuka. Alikaa na mgongo wake ukutani mpaka kulipokucha.

*

Asubuhi alivuka bonde kwa miguu. Alitaka kuona msiba. Alitaka kusikia kilio, aone viti vinatolewa nje. Alitaka hata kutoa pole.

Daktari alikuwa amekaa barazani, mlango wa kulia, anapiga viatu vyake brashi.

Alipomwona aliiweka brashi chini. Alikuwa amekonda, mvi zimemvamia. Hakukimbia, hakukasirika.

"Mama Picha," alisema. "Nilijua utakuja. Nilidhani utakuja mapema kuliko hivi."

Mama Picha alikuwa anautazama mlango wa kushoto. Ulikuwa na kufuli, na kufuli lilikuwa limeota kutu. Nyasi zilikuwa zimepasua saruji mbele yake.

"Anakaa nani pale?"

"Hakai mtu. Tangu nifike sijaona mtu."

"Usiku kuna mtu anakaa hapa nje."

"Usiku mimi nakaa ndani, nasoma. Taa yangu utakuwa umeiona."

Dirisha lenye taa. Dirisha la jirani. Mama Picha akageuka kuitazama gesti ng'ambo, kisha nyumba, kisha gesti. Sentensi ya fundi, ile aliyoikata kwa haraka zake, ikajimalizia yenyewe kichwani. Haipindui juu na chini tu, hata kulia na kushoto. Mlango aliokuwa akiutazama siku zote tatu, wa kulia ndani ya lenzi, ulikuwa huu wa kushoto. Huu wa kufuli.

Yeye ndiye wa kukosea jambo hilo! Yeye ambaye kazi yake yote, kila siku ya Mungu, ilikuwa kujua kulia kwa mtu ni wapi.

Akakaa kwenye ngazi. Maana mlango mmoja ukikosewa, mtu huanza kujiuliza ni mingapi mingine.

Akaiona tena ile alasiri. Kitinda mimba amejikunja kwa maumivu, anajaribu mzaha, "Dada, nitoe vizuri," hawezi kulala chali. Yeye akamwambia, basi lala kifudifudi, mpenzi, tumalize upesi. Kisha akachukua kile kipande cha madini ya risasi chenye alama ya kulia, akakiweka pale anapokiweka siku zote. Upande ule ule wa meza. Miaka kumi na tisa mkono ulikuwa unakwenda pale pale wenyewe, bila kumwuliza mwenyewe. Lakini mtu aliyelala kifudifudi, upande ule si kulia kwake.

"Ile filamu," alisema. Sauti haikuwa yake. "Kipovu cha hewa cha tumbo kilikuwa upande gani?"

Kila mtu wa kazi ile anajua. Hewa ya tumbo hukaa kushoto. Haidanganyi.

Daktari alikitazama kiatu mkononi mwake.

"Upande wenye alama ya kulia."

"Ulijua lini?"

"Kesho yake. Nilipoitazama tena. Wakati huo lilikuwa limeshafanyika."

"Na hukusema."

"Ningesema nini, mama? Ulikuwa unamlisha uji kwa kijiko. Nilisema makosa ni yangu, na si kwamba nilidanganya. Nilisoma filamu, sikumsoma mtu. Kipovu nilikiona baadaye, nacho kilikuwa pale tangu mwanzo."

Kengele ya hospitali iligongwa juu yao, watu wakaanza kupanda mteremko na vikapu vyao. Mama Picha alitaka kumchukia. Aliitafuta ile chuki mahali pake pa siku zote, akakuta ipo, nzima, ina makucha yote. Ila haikuwa inamtazama daktari peke yake.

Kitendo kinamjua mwenyewe.

"Usiku wa jana ulilala vizuri?" alimwuliza.

"Kwa nini?"

"Basi tu," alisema, akainuka.

*

Darubini aliiacha gesti, chini ya kitanda. Alirudi mjini, akaoga mara mbili, akaenda kazini. Vuta pumzi. Ibane. Pumua. Siku ya kwanza hakuna kilichotokea. Siku ya pili alijikuta anachukua kikombe kwa mkono wa kushoto. Alijicheka. Uchovu.

Usiku wa tatu alilala kwa ubavu wa kushoto, kama alivyozoea tangu utoto, sikio juu ya mto. Wanaolala hivyo wanajua: moyo husikika, kama hatua za mtu anayetembea chumba cha pili. Alisikiliza.

Hakuna.

Akaweka kiganja kifuani, chini ya titi la kushoto, akakandamiza. Kimya, kama ukuta. Akakihamisha kiganja polepole, akavuka mfupa wa katikati, hataki kufika.

Du-dum.

Kulia. Imara, bila wasiwasi, kama uliokuwa pale tangu kuumbwa.

Hakupiga kelele. Alikaa kitako gizani, mkono pale pale. Alijua majina ya mambo haya. Alijua kuna watu huzaliwa hivyo, mmoja kwa maelfu, na huishi wakazeeka. Lakini yeye alikuwa amejipiga picha mwenyewe mwaka juzi, ya kujaribia mashine mpya, na moyo wake ulikuwa pale pa watu wote.

Simu ikaita.

"Mama Picha." Ilikuwa sauti ya daktari, ndogo, ya mtu anayeongea akiwa amejifunika shuka. "Samahani kwa saa hizi. Ni wewe peke yako ninayeweza kukueleza bila kuonekana nimerukwa na akili. Nimejipima mwenyewe. Nimejipima mara nne..."

"Moyo uko kulia," alisema.

Upande wa pili pumzi ikasimama.

"Umejuaje?"

Alipaswa kusikitika. Alipaswa angalau kuogopa. Lakini kilichompanda kutoka tumboni hakikuwa woga. Kilikuwa furaha. Ya moto, ya aibu, furaha ya mtu aliyetupa jiwe gizani akasikia limempata mtu. Hata kama jiwe lenyewe lilikuwa limempitia kwanza yeye, lilikuwa limefika. Akajiziba mdomo kwa kiganja, maana alikuwa anacheka.

"Njoo mjini," alisema alipoweza. "Njoo nikupige picha."

"Itaonyesha nini?"

Kabla hajajibu simu ilitetema sikioni. Mtu mwingine alikuwa anapiga. Aliitoa sikioni, akatazama jina kwenye kioo.

Nesi wa wodi. Yule aliyemnyoa kitinda mimba ubavu asubuhi ile, kabla hajapelekwa. Mama wa watoto watatu wadogo. Mazishini alilia mpaka ikabidi ashikwe.

Kicheko kikamkauka.

Hakumpokea. Hakumkata. Simu ilitetema, ikanyamaza, ikaanza tena, safari hii jina jingine. Daktari alikuwa anaita kwa mbali, "Mama? Mama Picha, upo?" Yeye alikaa kitandani na moyo wake mgeni, anawahesabu watu ambao kitinda mimba alipitia mikononi mwao siku ile. Karani aliyeandika fomu. Msukuma kitanda. Mtu wa dawa ya usingizi. Aliyepanga visu. Aliyeshika taa. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza ni upande gani unaouma.

Wote walikuwa watu wa kazini kwake. Wote walikuwa na namba yake.